Safari ya Wifi

Shoga, nimecheka mpaka nimeudhika.

Unajua wifi alikataa kunishikia mtoto nikafanye mtihani leo. "Wifi yangu, niko safarini." Akaweka na picha, eti yuko hotelini.

Sasa nimepata programu nzuri ya kutazamia picha, siyo ile ya zamani iliyokuwa inanionyesha ukungu. Unavuta, unaona hadi uzi. Nikavuta. Nyuma yake kuna nini? Pazia nililomshonea mimi, na pindo lake lililoenda upande. Hotelini, shoga.

Nikabeba mtoto, nikabisha hodi kwake. Kafungua na nguo ya kulalia.

"Umejuaje nimerudi?"

"Pole na safari, wifi. Maziwa yako mkobani, akilia mbebe mgongoni."

Karatasi zinagawiwa, nazima simu.