Datsun yangu ya kwanza, na mwanamke aliyeshuka Bonga

Jumapili jioni, Nangara.

Baridi ya mwezi wa sita imetukalia tangu asubuhi. Mlima Kwaraa umefunikwa na wingu mpaka kiunoni, na upepo unapenya chini ya mlango. Nimevaa masweta mawili na bado vidole vinagoma kwenye simu. Maandishi nimeyakuza mpaka maneno manne yanajaza kioo kizima.

Kwa nini nimeyakuza, ndilo ninalotaka kuandika leo. Nimelificha siku tano.

Jumanne nilimwambia mke wangu, Mama Happy, kwamba nakwenda Arusha kufuatilia karatasi za kustaafu. Nimebakiza miaka miwili ya kufundisha, kwa hiyo hakuuliza sana. Ukweli ni kwamba nilipanda basi kwenda kwa daktari wa macho. Nilidhani nahitaji miwani mipya. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijigonga kwenye madawati darasani, wanafunzi wanacheka, na mimi nacheka nao.

Daktari alikuwa binti mdogo, pengine analingana na Happy wetu. Alinipima muda mrefu, kisha akachora duara dogo kwenye karatasi, kama kifungo cha shati.

"Mwalimu, pembeni pote pameshazima," akasema. "Unaonea hapa katikati tu."

Presha ya macho. Haiumi, ndiyo maana mtu hajui. Inakula kidogo kidogo kutoka ukingoni. Dawa ya matone, asubuhi na jioni, italinda kilichobaki. Kilichokwenda kimekwenda.

Nikamuuliza kuhusu gari.

"Usiendeshe tena. Hata barabara ya vumbi. Hata shambani."

Nilirudi Babati na basi la mchana. Mama Happy akauliza karatasi zimefikia wapi. Nikasema zinashughulikiwa.

Jumatano asubuhi niliwasha gari nikaenda shule.

Naandika hivyo bila kujitetea. Niligeuza shingo kila upande kama kuku, nikajiambia mtu mwangalifu anaweza. Jioni nikampeleka mke wangu sokoni. Alhamisi nikaenda Bonga, kwenye shamba letu. Wakati wa kurudi, bodaboda ilinipita kwa kasi, nikawa naitazama hiyo, ndipo nikasikia kitu kimegonga ubavuni mwa gari. Sikuwa nimeona chochote. Niliposimama na kushuka, nilimkuta Mama Zawadi, mama anayetuuzia maziwa, amesimama kwenye nyasi. Ndoo yake ilikuwa imelala barabarani, maziwa yanakimbilia mtaroni. Mkono wake ulikuwa bado umeshuka chini na vidole vimekunjwa, kama vile anaishika.

"Mwalimu, hukuniona?"

"Nilikuwa na mawazo, Mama Zawadi. Nisamehe sana."

"Mawazo gani hayo," akasema taratibu, akainama kuokota mfuniko.

Gari lilipoigonga, kati ya ndoo na mguu wake palikuwa na shibiri moja.

Tangu hapo sijagusa usukani. Nyumbani nimesema betri imechoka. Ijumaa nilikwenda kazini na bajaji, leo kanisani tumekwenda kwa miguu. Na tangu hapo kuna kitu kimenikaa kifuani hakitoki. Nina miaka hamsini na nane, na tangu nikiwa na ishirini na tisa sijawahi kuishi bila gari. Nikitaka kwenda, naondoka. Sasa nikiwaza mwaka ujao, naliona geti la nyumba hii limefungwa na mimi niko upande wa ndani. Siumwi. Miguu ipo, nguvu ipo. Dunia tu ndiyo imesogea ikanibana, kila upande, na hakuna ninayeweza kumlaumu.

Leo baada ya ibada alikuja Baba Eliya na mkewe. Tulifundisha wote miaka mingi kabla hajastaafu. Tukakaa sebuleni, chai ya maziwa na viazi vitamu. Alipoingia alikuwa ameliona gari langu uani, lina vumbi.

"Gari lako limelala leo," akasema.

"Betri," nikajibu.

Hapo ndipo tulipoanza kuyakumbuka magari yetu ya ujana. Baba Eliya alikuwa na Peugeot 504 iliyoshazeeka, mlango mmoja wa nyuma anaufunga kwa kamba. Anayekaa pale ndiye anayeshika kamba. Siku moja akamkalisha mama mkwe pale bila kujua kamba imekaa vibaya, na kwa sababu ya heshima mama wa watu hakusema kitu. Alishika kamba ile kutoka Magugu mpaka Babati. Walipofika, vidole havikufunguka. Ilibidi wamkande na maji ya moto kabla ya kula.

"Mpaka anakufa hakupanda tena gari langu," Baba Eliya akasema. Mkewe akafuta machozi ya kucheka.

Nami nikaeleza habari za Datsun yangu. Pikapu ndogo, rangi ya maziwa, ubavu mmoja umepakwa rangi kwa brashi. Niliinunua kwa mchungaji aliyekuwa anahama. Ilikuwa na umri mkubwa na asubuhi za baridi haikuwaka bila kusukumwa, kwa hiyo kila nilikokwenda nilitafuta mteremko wa kuegesha. Ndani ilinukia petroli na maharage. Nilipoipeleka kwetu Dareda mara ya kwanza, baba yangu aliizunguka mara mbili kimya. Kisha akavua viatu, akavikung'uta, akaingia navyo mkononi. Nikampeleka mpaka kanisani na kumrudisha. Tuliporudi nyumbani aliendelea kukaa mle ndani, mimi nje, mpaka chakula kikaiva.

Kwa muda mfupi nilisahau ninachokificha. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mkono wa kulia uko dirishani.

Halafu nikasimulia kile kisa cha Bonga. Nimekisimulia harusini, kazini, mara nyingi sana. Jinsi nilivyomfundisha Mama Happy kuendesha pale barabarani, gari likamzimikia mbele ya basi, akakasirika, akashuka, akaanza kutembea. Na mimi nikamfuata nyuma na gia namba moja, polepole, kama nasindikiza bibi harusi, watu wote wa kituoni wanacheka. Baba Eliya anakijua. Alicheka hata kabla sijamaliza.

Mama Happy alikuwa anamwongezea chai Mama Eliya.

"Malizia," akasema.

"Nimemaliza."

"Hujasema uliniambia nini."

Sikuwa nimesahau. Hilo ndilo la kukiri: sikuwahi kusahau, nilikuwa nalipita tu.

Akamgeukia Mama Eliya. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza bei ya vitunguu. "Aliniambia, toka, haya si mambo ya jikoni. Kwa sauti, watu wa kituoni wote wanasikia. Nilikuwa na mimba ya Happy, miezi minne. Nimevaa ndala. Nikatembea mpaka nyumbani."

Baba Eliya akakoroga chai ambayo alishaikoroga.

"Na hukujaribu tena?" Mama Eliya akauliza.

"Nani angenipa? Lakini ile gari nilikuwa naipenda. Kuna siku Mwalimu alikuwa hana mafuta, anakwenda kazini kwa miguu. Akishapotea kwenye kona, naingia nakaa. Nakanyaga klachi, napanga gia. Moja, mbili, tatu, nne. Nashusha. Nilifika mahali nikawa napanga bila kuangalia."

"Mpaka lini?" Hilo nililiuliza mimi.

"Mpaka ulipoiuza."

Nakumbuka asubuhi niliyoiuza. Mnunuzi alikuja, tukaisukuma, ikawaka, akaondoka nayo. Mama Happy hakutoka nje. Nilidhani anamnyonyesha mtoto.

Wageni waliondoka saa kumi na moja. Niliwasindikiza mpaka kwenye kona, nikarudi nikamkuta amekaa kwenye kiti alichokalia Baba Eliya, mbele ya kiti changu. Vikombe alikuwa hajatoa.

"Mama Zawadi ameniambia asubuhi kanisani," akasema. "Amesema hukumuona kabisa. Amesema ulikuwa unamtazama na humuoni. Baba Happy, macho yako yana nini?"

Nikamwambia. Arusha, daktari, lile duara, kila kitu. Maneno yalikuwa machache kuliko nilivyodhani.

"Kwa hiyo ulijua tangu Jumanne."

"Tangu Jumanne."

"Na Jumatano ukanipeleka sokoni."

"Ndiyo."

"Nimekaa pembeni yako."

"Ndiyo, Mama Happy."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alitazama mikono yake muda mrefu, na mimi nikamtazama usoni, maana nikimtazama usoni siioni mikono. Sasa nalijua hilo.

"Nisamehe," nikasema. "Ningeweza kukuua."

"Ungeweza," akasema.

Kisha, kwa haraka, kama mtu anayeziba pengo, nikasema nitamfundisha kuendesha. Hili la sasa ni rahisi, halina klachi. Tutaanzia hapahapa uani, Jumamosi. Nilijisikia vizuri kulisema. Nadhani nilijiona natoa kitu.

"Hapana," akasema. "Wewe hutanifundisha."

"Basi nani?"

"Kuna shule ya udereva kule karibu na stendi. Mwalimu wa pale simjui na yeye hanijui. Nitaanza wiki hii. Mazoezi yote nitafanya naye, na wewe hutakuwepo kwenye gari."

Nikasema sawa.

"Na nikipata leseni, safari ya kwanza nakwenda Dareda kwa mama. Peke yangu."

"Na mimi?"

"Wewe utabaki hapa."

Hakulisema kwa kisasi. Ndiyo maana limeniingia. Alikuwa anapanga tu, kama mtu aliyepanga siku nyingi na sasa anataja kwa sauti. Mama yake ana miaka themanini na kitu. Kila alipotaka kwenda kumuona, aliniambia, na mimi nikasema Jumamosi, nikasema wiki ijayo, nikasema barabara ina matope. Angeweza kupanda basi, lakini mara nyingi anakwenda na unga, sabuni, mafuta, na mimi ndiye nilikuwa na gari. Ni mara ngapi alikaa kwenye ukumbi huu amevaa kitenge cha kutoka, akisubiri nimalize nilichokuwa nafanya? Sikuwahi kuhesabu. Sikujua kwamba ni kitu cha kuhesabiwa.

Mimi nimefungiwa siku tatu na nimeona kama dunia imenionea.

Aliponyoosha mkono nikampa funguo. Akaziweka kwenye mfuko wa gauni. Nilihisi kitu kinanitoka mwilini, sitasema uongo. Nilitaka kuzidai.

"Dawa umeweka?" akauliza.

Nilikuwa nimeificha shuleni, kwenye boksi la chaki, ili asiione. Kwa hiyo ya jioni nilikuwa siweki, na wikiendi hii sijaweka kabisa. Nikamweleza na hilo. Hapo ndipo alipokasirika kweli. Akaita bodaboda wa jirani, akaniamuru nipande, twende shule sote wawili, mlinzi atufungulie. Tulikwenda tumebanana nyuma ya yule kijana, mimi katikati, upepo wa ziwani unatupiga, Mama Happy amenishika kiunoni.

Nyumbani akanilaza kichwa kwenye mgongo wa kochi, akanifungua jicho kwa vidole viwili, akadondosha tone. Akahamia jicho la pili. Tone moja likaishia shavuni.

"Usipepese," akasema.

"Sipepesi."

"Unapepesa."

Kesho nitaamka mapema, maana kutembea kutoka hapa mpaka shuleni ni karibu saa nzima. Nitamwambia mkuu wa shule. Kisha wanafunzi, ili wayapange madawati vizuri na waache kucheka, au wacheke wakijua. Hayo nadhani nitayaweza. Sijui nitafanya nini siku ile atakapotoka getini kwenda Dareda.

Nimemuomba msamaha wa Jumatano. Ule wa Bonga sijauomba. Nimeusubirisha miaka ishirini na nane, na kila mwaka nikakisimulia kisa chenyewe watu wacheke. Msamaha kama huo mtu anauanzia wapi?

Yuko nje anafungia kuku. Nazima simu, namfuata.