Mwanangu, Bibi Hana Kosa

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mboga ipashe moto, usiile baridi kwa hasira. Mvua ikianza, anua nguo.

Nimegonga mlango wako hukufungua, ndiyo maana naandika. Yule bibi ninayemhudumia hana kosa. Alipokupigia asubuhi kukupa pole ya kuachwa na mchumba, alidhani anakufariji. Namba yako niliibandika mwenyewe ukutani kwake, ya dharura. Na habari nilimpa mimi.

Kumgeuza ubavu mgonjwa wa kitandani kunamuuma, basi mimi humpigia stori asisikie maumivu. Za majirani zilikwisha. Jana nilipomshika nyonga alilia, nikadaka stori ya karibu, nayo ikawa yako. Akaacha kulia, akauliza, "Ehe, halafu?" Unanijua, nikiulizwa halafu sina breki. Nikajiambia, mtu asiyetoka kitandani atampelekea nani? Kumbe simu inatoka.

Ulivyosema, "Mama, nilikuambia wewe tu, hata baba hajui," nimejua nimekukosea.

~~Baba yako nitamweleza mimi jioni.~~ Hapana, mdomo wangu umetosha. Utamwambia mwenyewe ukiwa tayari. Akiniuliza, sijui kitu.

Nakwenda kwa Bibi. Leo nikimgeuza nitamsimulia aibu zangu mwenyewe, na ninazo za kumtosha mwaka mzima. Zako nimekoma, mwanangu.

Mama yako, mwenye mdomo