Namba za Kiuno cha Mwalimu

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Vioo.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepoa, na baridi ya huko haikuonei tena. Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama cherehani itajiendesha yenyewe. Babu anasikia vizuri, pale tu anapotaka.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Nina sababu. Naomba uisome ukiwa peke yako.

Zile namba za Mwalimu wa Hesabu zilizosambaa mwezi uliopita zilitoka kwangu.

Unalijua daftari la Mama la vipimo, lile la jalada la kijani linalofungwa kwa mpira. Mna mabega na viuno vya mtaa mzima. Nilimwona akihangaika kutafuta kurasa, nikajiambia kwamba nilisoma kwa ajili ya siku kama ile. Nikazipiga picha kurasa zote, nikaipa programu ya akili bandia kwenye simu, nayo ikanipangia jedwali safi kwa dakika moja. Nilifurahi kupita kiasi. Nikachukua kipande cha jedwali hilo nikakiweka kwenye ukurasa wa duka letu mtandaoni, watu waone kwamba fundi wetu ni wa kisasa.

Sikumwuliza Mama. Wala sikusoma mpaka chini. Palikuwa na "Mwalimu wa Hesabu", na kiuno chake kwa inchi: Januari 28, Aprili 31, Julai 34. Chini yake programu ilikuwa imejiongezea maneno ambayo sikuyaomba: "Mteja huyu ni mjamzito. Andaa nguo za uzazi." Haikusema huenda. Haijawahi kumwona, na iliandika kama daktari.

Nilikifuta kipande kile baada ya saa mbili. Kumbe saa mbili ni nyingi. Kufikia jioni mtu alikuwa ameshaiambia programu nyingine imtengenezee picha ya Mwalimu mbele ya ubao, ana tumbo la miezi minane. Ndiyo ile uliyoipata wewe.

Kesho yake muuza vioo alichungulia mlangoni, meno yote nje. "Fundi, tunaletewa mtoto lini?"

"Ni uongo huo," Mama akasema.

"Aa, fundi, kompyuta haikosei."

"Hiyo kompyuta imeshika tumbo la nani?" Mama akamfungia mlango. Kisha akanigeukia. Nilingoja kelele, hazikuja. "Daftari lile si langu, mwanangu," akasema. "Ni la kila aliyesimama hapa akavua koti."

Najirudia maneno hayo kila siku. Nilitaka kumsaidia Mama, kweli. Lakini nilitaka pia kuonekana. Nimejichunguza sana na siwezi kuvitenganisha.

Shuleni mkuu alimtaka Mwalimu ajieleze kwa maandishi. Wanafunzi nao walimwandikia ubaoni: 28, 31, 34, tafuta namba inayofuata. Alichukua chaki akaandika 37, akafuta ubao, akafundisha kipindi chote. Alipofika kwetu ndipo alipolia.

Nawe, Mama Mdogo, uliituma picha ile kwenye kundi la mliosoma pamoja, na sura tatu za kucheka. Ulisahau kwamba Mwalimu naye yumo. Sikulaumu, maana mimi ndiye niliyekupa cha kuchekea. Lakini kati ya yote yaliyosemwa, ni hilo lako tu alilomtajia Mama. Alisema, "Hata yeye? Dawati moja miaka minne!"

Si mjamzito. Ana nini basi? Najua, kwa sababu alimwambia Mama nami nilikuwepo. Sitakwambia, unisamehe. Ni jambo lake.

Ninachokuomba ni hiki: palepale ulipocheka, andika kwamba habari ile ni ya uongo. Kisha mpigie. Usimpigie kumwuliza. Mpigie kumsalimu tu, mcheke ya zamani.

Siku hizi Mama haandiki vipimo. Anakata uzi mrefu, anautia fundo la bega, la kifua, la kiuno, na mteja anaondoka nao mkobani mpaka siku ya kukata nguo. Alhamisi Mwalimu alikuja. Nilijificha nyuma ya marobota ya vitambaa, mtu mzima na digrii yangu. Mama akashikwa na kikohozi katikati ya kazi, uzi ukamponyoka.

"Wewe huko nyuma," Mwalimu akaita. "Njoo ushike."

Nikauzungusha kiunoni mwake, macho yangu nimeyagandisha ukutani.

"Uzi hauna namba, binti. Unaogopa nini?"

Nikafunga fundo. Lililegea, nikalirudia mara mbili. Aliuviringa uzi wake akauweka mkobani, na mlangoni akaniuliza kama wewe hujambo.

Msalimie sana Baba Mdogo na mapacha. Babu anakutumia salamu, anasema zako huwa hazimfikii. Mungu akutunze huko uliko, na akurudishe kwetu mzima.

Mwalimu hajabadilisha namba ya simu. Nilimwuliza kama naruhusiwa kukwambia hivyo. Alifikiri kidogo, akasema ndiyo.

Anayekupenda bila kupungua,
Binti wa dada yako.