Mume Wangu Kanifukuza Kazi

Dada yangu mpenzi,

Sisi wazima, na mwanao ameota meno mawili.

Zile nyumba za mapumziko nilikokuwa nikifanya kazi zimenunuliwa na wawekezaji. Wanasema wataifufua biashara kisha waiuze, na wameanza kwa kupunguza watu. Unajua nani kapewa kazi ya kutupunguza? Shemeji yako, meneja! Juzi aliniita ofisini, akasema huku akitazama meza, "Ndugu mfanyakazi, huduma zako hazihitajiki tena." Ndugu! Mimi niliyemzalia! Miaka yote natandika vitanda vya wageni pale, leo mimi ndiye hasara?

Jioni karudi, kauliza chakula. Nikamjibu, "Jikoni nako wamepunguza wafanyakazi."

Hakucheka. Alikaa kizingitini na tai yake shingoni, akasema, "Nikishawamaliza nyinyi, na mimi naondoka. Wameniambia leo."

Dada, nilimpakulia. Lakini hasira haijaisha, imehama tu. Kesho wote tuliofukuzwa tunakwenda kuwakabili hao wawekezaji, na nimemwambia yeye ndiye atakayetangulia kusema.

Ni mimi mdogo wako, kifua bado kinawaka.