Herufi zangu chini ya chokaa

Jumanne, Shaabani inaisha

Zuhura kanipakia chokaa ukuta mzima wa jikoni, na herufi zangu kumi na moja za mkaa kazifunika!

"Ulikuwa mchafu, mama, na Ramadhani inaingia."

"Mchafu mwenyewe!" nimemjibu.

Huyu mke wa mwanangu anajua vizuri. Kila siku nachora herufi moja ya kizungu, mpaka nisome mwenyewe barua za binti yangu aliyeko Pemba. Za Kiarabu za chuoni nazijua, ndizo hizi ninazoandikia. Nshachoka na jirani kunisomea kwa sauti. Mara ya mwisho mtaa mzima ulijua mimba ya binti yangu imeharibika kabla mimi sijalia.

Niliogopa nshazisahau. Nimezichora zote kumi na moja, nikaongeza ya kumi na mbili. Kwenye chokaa mpya zinaonekana mpaka uani.