Kigari Kinachomngoja Mama Yako

Nyumbani kwa baba yako,
Mtaa wa Stesheni Mpya.
Jumapili, 9 Machi.

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako za simu zilinifikia, marahaba. Natumaini u mzima, na baridi ya huko haijakuingia kifuani. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, ambayo tumekwisha kuzoeana nayo.

Baba yako ni mzima wa mwili. Nakuandikia kuhusu mengine.

Unakijua kile kigari kisicho na dereva ulichomwagizia marehemu mama yako, kimpeleke kila alfajiri kwenye treni ya mwendokasi, awahi zamu yake hospitalini. Tumekwisha mzika, nacho bado kinakuja. Husimama langoni, hufungua mlango na kusema, "Karibu, Muuguzi. Treni yako haijachelewa."

Baba yako hutoka na kandambili zake, akakiambia vilevile kama zamani, mama yako alipokuwa bado akitafuta viatu: "Subiri kidogo bwana, anakuja. Si unamjua mwenyewe!" Nacho husubiri. Taa huwaka juu ya kiti kitupu, hata kijifunge na kuondoka.

Jirani yetu, yule fundi cherehani, mwanzoni alimtania: "Shemeji, gari la bibi harusi hilo!" Siku hizi hufunga dirisha.

Juzi baba yako alikipanda mwenyewe. Mlinzi wa stesheni alimkuta ukingoni kabisa mwa reli, akiipungia mkono treni isiyosimama pale, akamvuta. "Mzee, ungefagiliwa!" Baba yako akamjibu kwa upole kwamba amekuja kumpokea mkewe.

Nilikwenda ofisini kwa kampuni yenye kigari. Binti wa dirishani alinieleza kwa adabu kwamba aliyekisajili ndiye awezaye kukifuta, na kwamba taarifa ya kila safari humfikia kwenye simu yake. Basi umekuwa ukiona, mwanangu, ukanyamaza. Sikulaumu. Kila mtu na kilio chake.

Jana nilimtangulia baba yako langoni ili nikifukuze. Mlango ulifunguka. Nikajikuta nimesogea pembeni, kama mtu anayempisha mwenzake. Sikuthubutu kugeuka nyuma.

Kifute uipatapo tu barua hii, kabla hakujapambazuka tena. Kisha uje. Baba yako anahitaji kumpokea mtu atakayeshuka.

Wasalimie mkeo na wajukuu zangu. Shangazi yako anakusalimu sana. Mungu akufikishe salama.

Nikupendaye hata ninapokugombeza,
Baba yako Mkubwa