Kopo Lisilonuka

4 Machi

Baba,
Shikamoo. Mimi sijambo, ila nanuka siki mpaka kwenye nywele. Mwenzangu wa chumba sasa ananipakulia chakula mlangoni. Ndiyo kazi ya kuchanganya vyakula vya mifugo. Wewe je, yale mafua yamekwisha?

Nimekutumia kopo la asidi ya unga. Jina lisikutishe, siyo ile ya betri. Nguruwe mdogo akiachishwa kunyonya, tumbo lake bado halina uchachu wa kutosha kusaga nafaka. Ndiyo maana wale wa mwaka jana waliharisha wakaisha. Weka kifuniko kimoja kwa kila ndoo ya chakula, na yule nguruwe wako mwenye mimba umpe tangu sasa, kabla hajazaa. Ukikoroga, harufu kali itakupiga. Isipokupiga, dawa imeharibika. Lakini nani wa kukufundisha wewe kunusa? Mtaa mzima unakuita Pua, na hakuna anayefungulia mifugo yake gunia kabla hujamwambia kama lina ukungu.
Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,
Marahaba. Mafua yaliondoka zamani, siku hizi magoti ndiyo yanayolalamika. Nguruwe alizaa salama, watoto kumi na mmoja, na nimeshawaachisha.

Sasa, kopo lako halinuki. Nilikoroga kifuniko kimoja, kimya. Cha pili, kimya. Nimefika cha sita. Watoto wanasogea kwenye chakula, wanapiga chafya, wanakimbia. Mama yao kagoma kabisa, ananitazama kama nimemtukana. Mmetuuzia vumbi. Mwambie bosi wako kuwa wanyama nao wana akili.
Baba yako

2 Mei

Baba,
Shikamoo, na pole na magoti. Nilimpelekea fundi wa maabara kopo la mchanganyiko ule ule. Alipolifungua tu, machozi yakamtoka.

Vumbi halimfanyi nguruwe agome. Umewazidishia, chakula kimekuwa kichachu kupita kiasi. Kimwage, wape maji mengi, kisha anza upya na kifuniko kimoja. Na nina ombi: fungua chupa ya siki, uniambie unasikia nini. Naogopa, Baba. Unaishi peke yako na jiko la gesi.
Mwanao

6 Juni

Mwanangu,
Marahaba. Nguruwe wanakula. Mama yao amerudi kwenye hali yake, yaani amenikanyaga. Mvua zimepungua. Wiki hii nimenusa magunia matatu ya majirani, yote mazima.
Baba yako

11 Juni

Baba,
Shikamoo. Siki?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa si wewe peke yako. Mtu akimlisha nguruwe wake mahindi yenye ukungu kwa sababu wewe umesema ni mazima, mimba zitaharibika. Waambie, tafadhali. Sikuandikii kwa hasira.
Mwanao

19 Julai

Mwanangu,
Marahaba. Siki niliifungua siku ile ile uliponiomba. Ilikuwa kama maji. Tangu mafua yale sijasikia harufu yoyote, hata ya banda. Niliona aibu. Ukiniondolea pua, nabaki mzee mwenye nguruwe.

Jumapili niliwaita majirani nikawaambia. Wakatazamana. Mmoja wao, fundi cherehani, akasema, "Mzee, tunajua. Sufuria yako iliungua mpaka moshi ukatutoa majumbani, wewe umeipa mgongo unachambua maharage."

Nikawauliza, mbona basi bado mnaniletea magunia? Wakasema wanayanusa kwanza huko kwao. Yenye ukungu hayafiki kwangu. Nililia mbele yao, tena mchana kweupe. Kisha nikafurahi, usiniulize kwa nini.

Jiko la gesi wamelitoa nje, barazani. Nguruwe wadogo wote kumi na mmoja wapo, hakuna aliyehara, na dawa napima kwa kifuniko tu.

Leo asubuhi fundi cherehani amekuja na gunia la mahindi.
"Nusa, mzee."
"Wewe umeshanusa?"
"Nimenusa. Ni mazima."
Nikainama, nikaingiza uso mpaka masikioni, nikavuta pumzi. Nikamwambia ni mazima.
Baba yako